Ciriri: nusu napanda, nusu nasukuma. Nifanye nini?

mwalimu_panzi

Jambo wandugu. Mimi mwalimu wa hesabu, miaka 43, nakaa Panzi, Bukavu. Kinga, yaani baiskeli kwa ninyi wa Dar na Mombasa, nilikuwa nayo utotoni kule Walungu, halafu maisha yakaiondoa. Mwaka jana daktari alinipima presha, akalitazama tumbo langu bila kusema kitu, kisha akaniambia nitafute kazi ya kutoa jasho. Nikanunua kinga ya milima iliyotumika, zile zinazoshushwa kwenye makontena kutoka Ulaya. Dola 110. Chuma kizito, magurudumu ya inchi 26, vitesi, yaani gia, 3 mbele na 7 nyuma.

Sishindani na mtu. Nataka jambo moja tu: Jumapili baada ya misa ya kwanza nitoke nyumbani, nipande mlima wa Ciriri mpaka juu bila kushusha mguu, nilitazame ziwa, nirudi kula. Basi.

Sasa sikilizeni inavyokuwa. Chini kabisa najisikia simba. Nakanyaga kwa nguvu, napita pikipiki zilizosimama, watoto wanashangilia. Dakika ya nne mapaja yanawaka moto. Dakika ya sita moyo unanipiga ndani ya masikio na kinga inaanza kuyumba kama mlevi. Nashuka. Nasukuma. Nikipata pumzi napanda tena, baada ya mita 100 nashuka. Miezi mitatu sasa, na nashukia palepale karibu na ile mikaratusi.

Jumapili iliyopita nilikuwa nasukuma, mama mmoja mwenye gunia la makala, yaani mkaa, mgongoni, kamba kwenye paji la uso, akanipita. Akanisalimu kwa adabu zote: "Jambo baba, pole na kazi." Nilitamani ardhi ipasuke. Mbele kidogo, mwanafunzi wangu wa mwaka wa nne alikuwa amekaa juu ya ukuta. Akapaza sauti: "Mwalimu, x iko wapi?" Jumatatu darasa zima lilikuwa linajua.

Swali langu: shida ni mapafu, ni miguu, ni kinga, ni miaka, au ni tumbo? Nijibuni kama mtu mwenye kinga moja na mshahara wa mwalimu.

kaka_karboni

Salamu kutoka Himbi, Goma. Mwalimu, jibu ni fupi: uzito. Hiyo kinga yako ni kitanda cha hospitali. Tafuta ya karboni, hata iliyotumika, utaona mlima unalainika. Na simama juu ya pedali, usikae kama uko ofisini.

fundi_nyawera

Karboni na mshahara wa mwalimu! Kaka, umesoma swali mpaka mwisho?

Mwalimu, kabla sijakujibu nifanyie kitu. Geuza kinga, kiti chini, magurudumu juu. Zungusha pedali kwa mkono mmoja, kwa mwingine sogeza vitesi vya nyuma kuelekea pinyo kubwa, yaani kile kisahani chenye meno kilicho karibu na mishikaki (spoki) ya gurudumu. Hesabu pinyo, halafu hesabu mnyororo unafika ya ngapi. Fanya vilevile na plato, visahani vyenye meno vya mbele kwenye pedali. Usiniambie unavyodhani, niambie ulivyoona.

mwalimu_panzi

Fundi, nimefanya. Niko hapa na mikono nyeusi na mke wangu ananikodolea macho.

Pinyo za nyuma ni 7. Mnyororo unafika ya 6, unagoma. Ile ya 7, kubwa kuliko zote, inang'aa kama sahani ya harusi, haijaguswa tangu kinga iingie nchini. Mbele plato ni 3, lakini ile ndogo nilishaacha kuitumia, kwa sababu mara ya kwanza mnyororo ulidondoka ndani ukakwama, nikachafua suruali ya misa. Kwa hiyo mimi napanda na plato ya katikati na pinyo ya 6. Nilidhani vitesi 21 ni maneno ya wauzaji.

Meno nimeyahesabu pia, ni tabia ya kazi. Plato: 42, 34, 24. Pinyo kubwa ina 28, ya 6 ina 24.

fundi_nyawera

Ndicho nilichokuwa nakitafuta. Umekuwa unapanda Ciriri na vitesi vya kwenda sokoni.

Nyuma kabisa, kwenye kile kichuma kinachosogeza mnyororo, kuna skurubu mbili ndogo zilizokaa pamoja. Moja imeandikwa H, nyingine L. L ndiyo inayouzuia mnyororo usipite pinyo kubwa. Kama imekazwa mno, mnyororo haufiki. Legeza robo mzunguko, jaribu, robo tena, jaribu. Usifungue kwa hasira! Ukilegeza kupita kiasi mnyororo utaruka pinyo uingie kwenye mishikaki, na kile kichuma kitavutwa humo kivunjike. Nimeona kinga nzuri ikifa hivyo katikati ya mlima.

Lakini kabla ya skurubu simama nyuma ya kinga, funga jicho moja, uangalie: kile kichuma kinaning'inia wima, sambamba na pinyo, au kimeinamia ndani? Hizi kinga za makontena zinalazwa moja juu ya nyingine kama sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, na kile kisikio kinachokishikilia kinapinda. Kikiwa kimepinda, hutanyoosha kwa skurubu. Niletee, ni kazi ya dakika kumi.

Plato ndogo ni hivyohivyo, mbele kuna skurubu zake. Na ukishatengeneza, jifunze hili: badilisha kabla ya mlima, miguu ikiwa bado myepesi. Ukingoja mpaka umezidiwa, mnyororo unavutwa kwa nguvu zote na hautaki kuhama. Ndiyo ile kelele kakakaka unayoisikia.

mama_furaha_velo

Jambo mwalimu, jambo wote. Mimi muuguzi, miaka 51, nakaa Nguba. Tuko wamama watatu, tunatoka Jumamosi asubuhi nikiwa sina zamu ya usiku. Watu walitucheka miaka miwili, wakachoka wenyewe.

Fundi amekupa vitesi. Mimi nakuuliza kiti. Ukikaa juu ya kinga imesimama, nyayo zako zote mbili zinagusa chini bapa? Kama ndiyo, kiti kiko chini mno. Wanaume wa umri wako wote wanakishusha hivyo, wanaogopa kuanguka mbele za watu. Egemea ukuta, panda, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa: mguu unatakiwa unyooke. Ukirudi kukanyaga kwa sehemu ya mbele ya wayo, goti litabaki limekunjika kidogo tu. Inua sentimita moja kila safari, usiinue zote siku moja. Mimi niliinua nne kwa jumla na maumivu ya magoti yakaondoka.

La pili ni hiyo simba yako ya chini. Mwalimu, wewe mlima unauua dakika mbili za kwanza, halafu wenyewe unakuua zilizobaki. Mapaja yanayowaka dakika ya nne ni deni ulilolikopa dakika ya kwanza. Sisi tunapima hivi: mwanzo wa mlima uweze kusali Salamu Maria nzima kwa sauti bila kukatika. Ukifika "umejaa neema" ukalazimika kuvuta pumzi, hapo ni nguvu ya katikati, unaweza kuishikilia muda. Ukishindwa kumaliza "Salamu", umepita, punguza. Wiki ya kwanza utaona unatambaa, watoto watakuuliza kama umeumwa. Waache.

Tumbo nalo. Unatoka misa ya kwanza hujala kitu, unapanda mlima. Kula ndizi mbili mbivu baada ya misa, subiri nusu saa, beba maji. Usiku wa Jumamosi kula bugali yako vizuri, huo si usiku wa kujinyima.

Na usijitetee na hewa, maana najua utakuja nayo. Ziwa letu liko mita 1,460 juu ya bahari, na hapa hewa tunayovuta ina oksijeni pungufu ya ile ya pwani, kama sehemu moja ya sita hivi. Mgeni wa Kinshasa anaisikia wiki za kwanza. Wewe umezaliwa Walungu, damu yako imeshazoea.

La mwisho nakuambia kama muuguzi. Presha: dawa usiache kwa sababu umeanza kinga, na mwambie daktari kwamba ni milima unayopanda, asidhani ni matembezi. Kifua kikibana, au maumivu yakienda begani au kwenye taya, shuka ukae chini, na usimwonee haya mtu.

kaka_karboni

Sawa, nimesoma sasa mpaka mwisho, samahani. Lakini hesabu haidanganyi. Kupanda ni kuinua mzigo: kilo zako mara 9.81, mara mita unazoinuka kila sekunde. Mtu wa kilo 78 anayeinuka mita 10 kwa dakika anatoa wati 127 hivi. Punguza kilo, wati zinapungua. Nimekosea wapi?

mwalimu_panzi

Umesahau kinga, ndugu yangu. Haijipandishi yenyewe. Kilo 78 ni mimi (ulijuaje?), kinga nimeipima kwenye mizani ya muuza maharagi, kilo 15, maji na mfuko 2. Jumla 95, wati 155. Nimekupa 8 juu ya 10.

Tena kwa hesabu hiyohiyo, nikinunua kinga nyepesi kwa kilo 2, mlima wa dakika 30 utanipunguzia sekunde 38. Kwa bei ile, sekunde moja inanigharimu siku ngapi za kufundisha? Niache na kitanda changu cha hospitali.

Lakini umenipa wazo, na juzi usiku sikulala. Nilichukua utepe wa mke wangu wa kushonea, nikaweka alama ya chaki kwenye tairi, nikaisukuma kinga sebuleni mpaka chaki irudi chini. Mita 2 na sentimita 7. Nikachukua mteremko wa 8 kwa 100, ndio simu inanipa sehemu kubwa ya njia, na mizunguko 60 ya pedali kwa dakika.

Nilivyokuwa napanda, plato 34 na pinyo 24: gurudumu linazunguka mara 1.42 kwa kila mzunguko wa pedali. Hiyo ni kama kilomita 10 na nusu kwa saa, nainuka mita 14 kwa dakika, wati 219. Na vitesi vya fundi, plato 24 na pinyo 28: mara 0.86, kilomita 6.4 kwa saa, mita 8.5 kwa dakika, wati 132. Udongo unaongeza chake kote kuwili.

219 na 132! Mimi si mwanariadha, ni mwalimu. Zile 87 za katikati ndizo zilikuwa zinanishusha kwenye mikaratusi.

Kuna mjanja atasema: ungekanyaga ile nzito polepole. Kweli, kwa mizunguko 36 kwa dakika wati zinarudi 132. Nilijaribu jana jioni kwenye kimlima cha karibu na nyumbani. Kila mkanyago ni kama kupanda ngazi na gunia la simenti. Magoti yalinisema mpaka leo asubuhi.

mubebaji_wa_kabare

Mwalimu jambo. Miye nilibeba ndizi na makala toka Kabare kushuka soko ya Kadutu miaka tisa. Kinga nyeusi, plato moja, pinyo moja, kilo zaidi ya ishirini ikiwa haina kitu. Nawasikia hapa na wati, nacheka, lakini si kwa ubaya.

Kwanza ile aibu ya kusukuma uitupe. Siye hatukupanda mlima juu ya kinga. Tulishuka na mzigo, tukasukuma kurudi, kila siku, na hakuna aliyetucheka maana kila mtu alijua tumetoka kutafuta. Ule mama wa makala hakukucheka. Alikusalimia kweli.

Kiisha nikuambie vitu vitatu vya njia, vile sijaona mtu amevisema. Kona ikipinda, usipite ndani hata kama ni karibu. Ndani ya kona ni wima zaidi, nje ni laini. Zunguka nje, kama hakuna pikipiki inashuka. Pale pekee utapumua mara tatu bure.

Cha pili, macho. Usitazame juu kule mlima unaishia. Tazama mita tano mbele ya gurudumu, uchague jiwe, ulifikie, uchague lingine. Na mikono uilegeze. Watu wanakamata usukani kama wanakamata mwizi, nguvu inaishia mabegani.

Cha tatu, mvua. Ule kaka wa Goma anasema simama juu ya pedali. Kule kwao ni mawe ya volkano, tairi inashika. Huku udongo mwekundu ukilowa ni sabuni. Ukisimama, uzito unatoka nyuma, gurudumu linazunguka bure na wewe unabaki palepale. Kaa mbele ya kiti, kifua chini, kanyaga laini bila kushtua. Kusimama ni kwa mahali pakavu, mikanyago kumi au kumi na tano, kupumzisha matako, kiisha ukae tena.

kaka_karboni

Udongo nakubali. Hapa ukianguka unachunwa ngozi, lakini huteleza.

ruzizi_pili

Naongeza kidogo. Septemba 2025 nilivuka nikaenda Kigali kutazama mashindano ya dunia ya barabara, ya kwanza kufanyika Afrika. Siku ya wanaume ilikuwa kilomita 267.5, na milima ikijumlishwa ni mita 5,475 za kupanda. Pogačar, yule Mslovenia, alishinda, waliomaliza ni 30 tu. Mimi nilisimama kwenye ule wanaouita Ukuta wa Kigali, mita 400 za mawe, 11 kwa 100. Sikutazama wa kwanza, walipita kama pikipiki. Nilitazama wa nyuma, waliochoka. Karibu wote wamekaa, vitesi laini, miguu inazunguka kama cherehani ya mtu mwenye harusi ya kesho. Midomo wazi, lakini mabega yametulia kabisa. Mwalimu, kama wale hawaoni haya kutumia pinyo kubwa, wewe na mimi ni nani?

mwalimu_panzi

Aksanti nyote, nimechapisha majibu yenu kwenye karatasi. Mama Furaha, nikishatengeneza kinga na kuinua kiti, nipande Ciriri kila siku au vipi?

mama_furaha_velo

Hapana, mwalimu, kila siku utaichukia. Na usiipande kila Jumapili kama mtihani. Unafundisha siku ngapi kabla hujawapa wanafunzi mtihani?

Siku moja katikati ya wiki, ukitoka shule, tafuta kipande cha mlima cha dakika nne hivi, karibu na kwako, chenye magari machache. Panda kwa ile nguvu ya "umejaa neema". Shuka taratibu, pumua dakika tatu au nne, panda tena. Wiki ya kwanza mara tatu. Ukiona mara ya tatu inafanana na ya kwanza, wiki inayofuata ongeza moja, mpaka tano. Ikiwa ya mwisho unaipanda kwa kutambaa, ulianza kwa kiburi.

Siku nyingine, Jumamosi au Jumapili, saa moja na nusu au mbili polepole kabisa, barabara ya kwenda Kavumu inafaa, ina vimlima vya kupanda na kushuka. Polepole maana yake Salamu Maria nzima, hata Rozari. Hiyo ndiyo watu wanairuka kwa sababu haionekani kama kazi. Mimi naona ndiyo iliyonibadilisha kuliko ile ya milima. Siku zilizobaki tembea kwa miguu au ulale. Mvua ikinyesha siku yako, usiilipie kesho yake mara mbili.

Ciriri iguse baada ya wiki sita. Na kabla ya kutoka uliza njia ikoje siku hiyo, unajua mwenyewe.

fundi_nyawera

Mwalimu alifika kwangu jana. Kisikio kilikuwa kimepinda kweli, nimekinyoosha. Pinyo ya 7 imeguswa rasmi.

mwalimu_panzi

Wandugu, wiki saba zimepita, nimerudi na ripoti.

Zile mara tatu za dakika nne zilikuwa chungu wiki mbili za kwanza, hasa kwa sababu ya kuanza taratibu. Sikujua ni vigumu hivyo kwenda polepole ukiwa na nguvu. Wiki ya tatu mvua ilinyesha sikutoka. Wiki ya nne nilifika mara nne, na ya nne ilifanana na ya kwanza, nikampigia mke wangu simu kumwambia, akaniuliza kama ndiyo sababu nimemwamsha. Kiti nimeinua sentimita tatu, ya nne bado naiogopa.

Leo Jumapili nikaenda Ciriri. Misa, ndizi mbili, nusu saa. Chini watoto walinishangilia kama kawaida, nikawapita nikisali. Mmoja akasema, "Leo amechoka mapema." Nikaweka plato ndogo kabla ya mlima, kama fundi alivyosema, na pinyo ya 5, ili nibaki na mbili za akiba. Kwenye mikaratusi nilikuwa bado naweza kuongea. Nilizunguka kona kwa nje, mzee wa Kabare, kweli unapumua pale. Juu yake kidogo kuna kipande kibaya, nikatia ya 7, kinga ikatulia, nikawa naenda kwa mwendo wa mtu anayetembea haraka lakini naenda.

Nilishusha mguu mara moja. Mbuzi. Alisimama katikati ya njia ananitazama, na mimi kwa kilomita 6 kwa saa sina pa kumkwepea. Naomba kamati iamue kama hiyo inahesabiwa.

Karibu na juu nikamkuta yule mama wa makala, au mwenzake, gunia lilelile, kamba ileile. Nikampita polepole, nikamwamkia mimi kwanza. Akanijibu, kisha akaniuliza: "Baba, huko juu unaenda kununua nini?" Nikakosa jibu. Nikasema naenda kutazama ziwa. Akasema, "Eh, si liko kule chini kwenu?"

Nililitazama dakika kumi. Kisiwa cha Idjwi kilikuwa kinaonekana.

Shida ni kurudi. Nimeshuka nimeminya breki njia yote, nikasikia harufu ya mpira, nikasimama nikagusa chuma cha gurudumu la mbele, kiliniunguza kidole. Hiyo ni kawaida?

mubebaji_wa_kabare

Mbuzi haihesabiwi. Umefika.

fundi_nyawera

Si kawaida, mwalimu, na usirudi kule kabla sijaona hizo breki. Kuminya kidogo njia yote ndiko kunakochemsha chuma. Minya kwa nguvu kabla ya kona, mbele na nyuma pamoja, kisha achia kabisa kinga ipoe, minya tena. Ya mbele ndiyo inasimamisha zaidi, usiiogope, ila usiivute peke yake kwenye udongo wala ukiwa umepinda. Vile viraka vya mpira vya breki navyo vitakuwa vimeisha, ukiona mistari yake imefutika ujue unakaribia kusaga chuma kwa chuma.

Lete Jumamosi kabla ya saa nne, baadaye nina harusi. Njoo umeisukuma, usiipande kuteremka. Na ile dola moja ya waya wa vitesi sijaisahau.